Shule ya Waliochujwa: Historia ya Elimu Nje ya Mfumo Rasmi Tanzania

Kwa miongo mingi nchini Tanzania, mtoto aliyefanya vizuri katika mtihani wa kumaliza darasa la saba alisemwa kuwa "amechaguliwa", na neno hilo lilibeba ukweli ambao neno "amefaulu" lisingeweza kuubeba. Kuchaguliwa maana yake ilikuwa kupata nafasi katika shule ya sekondari ya serikali, na kwa kuwa nafasi hizo zilikuwa chache, mtoto aliyejibu maswali mengi kwa usahihi lakini akazidiwa na wenzake kwa alama chache alirudi nyumbani akihesabiwa miongoni mwa waliofeli. Mtihani ulifanya kazi ya chekeche: pamoja na kupima yale mtoto aliyojifunza, ulipunguza idadi ya watoto mpaka ikalingana na idadi ya madawati yaliyokuwa yakiwangoja mbele. Wapo pia waliochujwa kabla ya kuufikia mtihani wenyewe, nao ni watoto walioachwa nyuma katika madarasa yaliyofurika, walioitwa wazito au watoro, waliokosa ada na sare, wasichana waliopata mimba, na wale ambao hawakuandikishwa kabisa.

Madarasa, vyuo na mipango iliyoundwa kwa ajili ya watu hao huitwa kwa pamoja elimu nje ya mfumo rasmi, yaani mafunzo yanayotolewa pembeni ya ngazi za kawaida za msingi, sekondari na chuo kikuu, kwa saa, umri, mtaala na walimu wa namna nyingine. Ukiifuatilia kwa karibu, historia ya elimu hiyo inaonyesha mwendo unaojirudia: mipango yake mikubwa ilizaliwa kutokana na ukosoaji wa mtihani, ikaahidi elimu isiyomchuja mtu, kisha mmoja baada ya mwingine ikarudi kuegemea vyeti na mitihani ileile. Mara nyingi kurudi huko kumeelezwa kuwa ni kushindwa kwa wazo zuri, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu wanafunzi wenyewe na wazazi wao walikuwa na mkono mkubwa katika kuyadai mabadiliko hayo, na madai yao yalikuwa na mantiki.

Mizizi ya mchujo

Mfumo wa shule ulioachwa na utawala wa Waingereza ulikuwa na umbo la piramidi. Chini kabisa zilikuwapo shule za msingi za miaka minne, na mtihani wa darasa la nne uliamua nani aendelee na shule ya kati, ambayo ilichukua darasa la tano hadi la nane. Juu ya hapo ulikuwapo mtihani mwingine, na mwingine tena, hadi wachache waliobaki walipofika darasa la kumi na mbili. Piramidi hiyo iliundwa kutoa makarani, walimu na wasaidizi wa hospitali kwa kiasi kilichohitajika na serikali na misheni, na wengine wote walitarajiwa kurudi shambani.

Si kwamba wakoloni hawakuwahi kufikiria shule ya aina nyingine. Mwaka 1924 tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani ilitembelea Afrika Mashariki na kupendekeza elimu iliyofinyangwa kulingana na mazingira ya kijijini, yenye kilimo, afya na kazi za mikono, kwa kufuata mfano wa shule zilizowekwa kwa ajili ya Wamarekani weusi kama zile za Hampton na Tuskegee. Jaribio mashuhuri la fikra hizo katika Tanganyika lilikuwa shule ya Malangali, iliyofunguliwa mwaka 1928 katika nyanda za juu za kusini chini ya uongozi wa W. B. Mumford, ambaye alitaka wanafunzi walelewe kwa kuzingatia mila za Wahehe, Wabena na Wasangu, kwa hiyo wazee wakashirikishwa katika mafunzo, na ngoma na michezo ya jadi ikapewa nafasi katika ratiba ya shule. Waafrika wengi, hata hivyo, waliitazama elimu ya namna hiyo kwa mashaka, kwa kuwa waliona wazi kwamba kazi ya mshahara na sauti katika mambo ya utawala vilipatikana kwa Kiingereza, hesabu na cheti, wala si kwa ngoma, na kwamba shule inayomfaa mwanakijiji kwa macho ya mtawala ingeweza kuwa njia ya kumfungia hukohuko kijijini. Mashaka hayo hayakufa pamoja na ukoloni, bali yalizikuta serikali za wananchi zikileta mapendekezo yanayofanana kwa nia tofauti kabisa.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 mtihani wa darasa la nne uliondolewa hatua kwa hatua na shule ya msingi ikawa ya miaka saba, hivyo tundu la sindano likahamia darasa la saba. Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambamo alieleza kwamba ni asilimia 13 hivi tu ya watoto wa shule za msingi ambao wangepata nafasi ya sekondari, ilhali mafundisho yote ya msingi yalilenga kuwaandaa kwa sekondari hiyo, na matokeo yake yalikuwa asilimia 87 kumaliza shule wakijihisi wameshindwa. Hoja yake haikuwa kwamba watoto hao wafundishwe tena mpaka wafaulu. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, inayomwandaa mtoto kuishi na kufanya kazi katika jamii ya wakulima, na mtihani ushushwe kutoka kwenye kiti ulichokalia. Wazo hilo ndilo lililofungua mlango kwa mipango iliyofuata.

Kisomo

Hatua ya kwanza iliwalenga watu wazima ambao shule iliwapita. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada yake ikaja kampeni ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, ambayo ilianza na wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwamo, kabla ya kuenea nchi nzima. Madarasa hayo yaliitwa kisomo, na yale yaliyofungamanisha kusoma na kazi ya msomaji, kwa mfano kilimo cha pamba au uvuvi, yaliitwa kisomo chenye manufaa. Yalifanyika alasiri baada ya kazi za shamba, chini ya mwembe, katika jengo la shule au ofisi ya chama, na walimu wake wengi walikuwa watu wa kujitolea waliomaliza darasa la saba bila kuchaguliwa, kwa hiyo kijana ambaye mfumo rasmi ulimtia alama ya kushindwa alisimama ubaoni akiwafundisha wazee wake. Redio nayo ilishika nafasi ya darasa: katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, vikundi vya wasikilizaji vilikusanyika vijijini kusikiliza vipindi, kujadiliana, kisha kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu.

Takwimu rasmi zilionyesha kwamba idadi ya watu wazima wasiojua kusoma ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 ikasemwa kuwa asilimia 10 hivi. Mwaka 1975 pia Bunge lilipitisha sheria iliyoifanya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima kuwa chombo kinachojitegemea, baada ya kuwa sehemu ya chuo kikuu tangu miaka ya 1960. Hata hivyo mtihani haukukaa mbali. Wanakisomo walipimwa kwa majaribio ya kitaifa na kupangwa katika viwango, na neno "ngumbaru", lililotumika kwa mwanafunzi wa makamo, likaanza kubeba dhihaka kidogo, ishara kwamba jamii ilikuwa tayari imeamua kwamba kusoma nje ya wakati wake ni kusoma kwa daraja la pili.

Shule isiyo na mtihani

Jaribio la ndani zaidi la kujenga elimu isiyochuja lilitoka mbali. Nchini Denmark, mchungaji, mshairi na mwanahistoria N. F. S. Grundtvig, aliyeishi kati ya mwaka 1783 na 1872, aliishambulia shule ya Kilatini ya zama zake kwa madai kwamba iliua akili kwa kukaririsha lugha mfu, akapendekeza mahali pake shule kwa ajili ya maisha, ambamo vijana wa wakulima wangeishi pamoja na walimu wao, wakasikiliza na kuzungumza kwa lugha yao wenyewe juu ya historia, uraia na kazi, pasipo mtihani wa kuingilia wala wa kutokea. Maisha ya pamoja ya walimu na wanafunzi aliyoyaona katika vyuo vya Uingereza yalichangia fikra hiyo. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, kisha Christen Kold, mwana wa fundi viatu, akaliweka wazo hilo katika umbo rahisi zaidi alipofungua shule yake Ryslinge mwaka 1851. Denmark iliposhindwa vita na kupoteza majimbo yake ya kusini mwaka 1864, vyuo hivi viliongezeka kwa kasi, kwa kuwa vilionekana kuwa njia ya kulijenga upya taifa kutokea mashinani. Uswidi ilifuata kwa kufungua vyuo vyake vya kwanza mwaka 1868.

Mkondo huu ulifika Tanzania kupitia uhusiano wa karibu kati ya serikali ya Nyerere na nchi za Skandinavia, ambazo tayari zilikuwa zimejenga kituo cha elimu cha Kibaha, mradi uliowekewa mkataba mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Mwaka 1975, kwa msaada wa Uswidi, serikali ilianza kuanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na mara nyingi majengo yaliyotumika yalikuwa yale ya vituo vya zamani vya mafunzo ya vijijini na ya wakulima, mpaka vyuo vikazidi 50 nchini kote. Mwanachuo alitumwa na kijiji chake, akasoma kwa majuma kadhaa au hata kwa miaka miwili, akakaa bwenini, akalima shamba la chuo, akajifunza useremala, uashi, ushonaji, upishi, utunzaji wa hesabu za duka la ushirika, siasa na utamaduni, kisha akatarajiwa kurudi kijijini kuwafundisha wengine. Hakukuwa na mtihani wa kitaifa wa mwisho, na hilo halikuwa pungufu bali kusudi lenyewe: mtu aliyepewa cheti kinachotambulika mjini, wabunifu wa vyuo hivi walihofia, angekichukua na kwenda nacho mjini.

Tofauti ya mazingira, hata hivyo, ilikuwa kubwa. Mkulima kijana wa Denmark ya karne ya 19 alirudi kwenye shamba la familia lililokuwa na ng'ombe wa maziwa na baadaye ushirika wa kiwanda cha siagi, kwa hiyo chuo kilimwongezea upeo juu ya riziki aliyokuwa nayo tayari. Kijana wa Tanzania aliyejifunza useremala kwa miaka miwili alirudi kijijini bila randa, bila msumeno na bila mteja mwenye fedha taslimu, na alipoamua kutafuta kazi kwa mkandarasi aliombwa cheti cha majaribio ya ufundi ambacho chuo chake hakikukitoa. Fikra ya kumlinda mwanakijiji dhidi ya tamaa ya mji ikawa, kwa upande wake yeye, mlango uliofungwa kwa nje.

Tatizo hili halikuwa la Tanzania peke yake. Nchini Kenya, ripoti iliyotolewa mwaka 1966 chini ya Baraza la Makanisa iliuliza watoto wanaomaliza shule ya msingi wanakwenda wapi, na jibu lake lilizaa vyuo vya ufundi vya vijijini vilivyokusudiwa kufundisha stadi bila kuhangaikia vyeti. Nchini Botswana, Patrick van Rensburg alianzisha brigedi za ujenzi Serowe mwaka 1965, ambamo vijana walijifunza huku wakizalisha ili kulipia mafunzo yao. Kenya nayo iliona wanafunzi wa vyuo hivyo wakitaka kufanya majaribio ya serikali, kwa sababu ileile.

UPE na MEMKWA

Wakati vyuo vikienea, shule ya msingi yenyewe ilikuwa inapanuka kwa mwendo ambao haukuwahi kuonekana. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto aandikishwe, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ukaanza kutekelezwa mwaka 1977 ukijulikana kwa herufi za UPE, na sheria ya elimu ya mwaka 1978 ikafanya mahudhurio kuwa ya lazima. Madarasa yalijaa kuliko uwezo wake, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi ya ualimu kwa muda mfupi, wakaitwa walimu wa UPE. Sekondari za serikali zilibanwa kwa makusudi ili fedha ziende msingi, kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliochaguliwa walikuwa chini ya watoto 10 katika kila 100. Uchumi ulipoporomoka na michango ya wazazi kurudishwa, mafanikio ya uandikishaji yalirudi nyuma, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 takribani watoto wanne katika kila kumi wa umri wa shule ya msingi hawakuwa shuleni.

Kwa ajili yao ulibuniwa Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, ambao ufupisho wake, MEMKWA, ulienea kwa haraka kuliko jina lenyewe. Majaribio yake yalianza mwaka 1999 kwa msaada wa UNICEF katika wilaya tano, yaani Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini. Watoto waligawanywa katika makundi mawili kwa umri, wadogo na wale wa miaka 14 hadi 18, na mtaala wa miaka saba ukafupishwa kuwa wa miaka mitatu. Darasa lilipata mwalimu wa taaluma pamoja na mwezeshaji kutoka jamii husika, na muda wa masomo ulipangwa kwa makubaliano, ili mtoto anayechunga, anayeuza karanga au anayelea wadogo zake asilazimike kuchagua kati ya kazi na kusoma. Viboko, vilivyokuwa sababu mojawapo ya utoro katika shule za kawaida, havikupaswa kuwa sehemu ya darasa hilo.

Hata hivyo kipimo cha mafanikio kilikuwa kilekile. Kundi la wadogo lilifanya mtihani wa darasa la nne ili liingizwe katika shule ya kawaida, na kundi la wakubwa likafanya mtihani wa darasa la saba, na pale watoto wa MEMKWA walipofaulu bega kwa bega na wa shule za kawaida, wafuasi wa mpango walilitumia jambo hilo kuwa ushahidi kwamba darasa lililobadilisha saa na adabu yake, likaacha somo palepale, linaweza kumwokoa mtoto aliyeitwa mzito. Ada ya shule za msingi ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka 2002, MEMKWA uliingizwa ndani yake na kuenezwa nchi nzima, lakini watoto wengi walipojaa katika shule za kawaida, madarasa yake yalipungua taratibu, na lile fungu la waliokosa likahamia ngazi ya juu, yaani kwa vijana walioachwa na sekondari.

Cheti na mtoto mgongoni

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilipitia mabadiliko kama hayo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1990 vilihamishwa kutoka wizara ya elimu kwenda wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, msaada wa Uswidi ukapungua katika muongo huo, na majengo mengi yakachakaa. Sheria ya mwaka 1994 ilipoanzisha mamlaka ya ufundi stadi, VETA, cheti cha ufundi kikawa sarafu ya soko la kazi, na vyuo vya wananchi, ili visikimbiwe, vikaanza kuandaa wanafunzi kwa majaribio hayo pamoja na kozi zao fupi. Vilirudishwa katika wizara ya elimu miaka ya 2010 ikielekea kuisha, vikakarabatiwa, na vikajikuta na wanafunzi ambao waasisi wao hawakuwafikiria.

Wanafunzi hao walikuwa wasichana walioondolewa shuleni kwa sababu ya mimba. Desturi ya kuwaondoa ilikuwa ya miongo mingi, na kanuni za mwaka 2002 ziliipa nguvu kwa kuruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa makosa dhidi ya maadili au kwa kuolewa. Mwaka 2017 msimamo wa serikali wa kutowarudisha ulitangazwa hadharani, kabla ya kubadilishwa Novemba 2021, wizara ilipotangaza kwamba waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, mimba ikiwamo, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Katika miaka ya katikati, njia iliyobaki wazi ilikuwa ya pembeni. Mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa katika vyuo vya wananchi, uliwapa wasichana hao masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na vyuo vikafungua vyumba vya kulelea watoto, ili mama asome huku mtoto wake akitunzwa hatua chache kutoka darasani. Bweni la Grundtvig, lililokusudiwa kumtenga kijana na shughuli za nyumbani ili afikiri, hapa liligeuzwa kuwa mahali panapokubali kwamba shughuli za nyumbani zimekuja naye.

Mwanafunzi wa namna hii, pamoja na yule anayesoma katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, hupitia kwanza Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa herufi za QT, ambao humpa idhini ya kufanya mtihani wa kidato cha nne bila kuwa amesoma sekondari ya kawaida. Anapofika hapo, huandikishwa kwa jina la kiofisi linalomtenganisha na mtahiniwa wa shule: huitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Neno lilelile ambalo mwaka 1967 lilitumika kueleza elimu isiyotawaliwa na mtihani limekuwa, katika fomu za usajili, jina la mtu anayeuendea mtihani peke yake, bila shule nyuma yake.

Itakuwa rahisi kuliona jambo hilo kuwa kejeli ya historia, lakini kwa mtazamo wa mwenye kubeba fomu hiyo maana ni nyingine. Wazazi walioishuku elimu ya aina ya Malangali, fundi aliyerudi kijijini bila cheti na mama kijana anayesomea QT wanasema neno moja kwa nyakati tofauti: elimu iliyotengenezwa kwa ajili ya waliochujwa haitoshi kama inawafikisha mahali ambapo waliochaguliwa hawangekubali kupelekwa. Mtihani ulipoondolewa kwa ajili yao peke yao, ukaachwa kwa wengine, haukuondolewa hata kidogo, kwa sababu waajiri, vyuo na ofisi ziliendelea kuuliza matokeo yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, inapendekeza kuugusa mchujo wenyewe kwa kufanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na kwa kuufungua mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi na kazi, ndani ya shule ileile badala ya kuuacha nje ya uzio. Ikiwa mkondo huo utaheshimiwa sawa na ule wa jumla, au utakuwa chumba kipya cha kuwakusanyia wanaohesabiwa kuwa wazito, litaamuliwa na swali lilelile ambalo vyuo vya wananchi vilikutana nalo kuanzia mwaka 1975: mwenye kumaliza akibisha hodi, cheti chake kitafunguliwa mlango gani.